Sanduku la Mpiga Besi

Msomaji, ukienda arusini au kwenye dansa ambako bendi inapiga, macho yako humtazama mwimbaji kwanza, kisha mpiga gitaa la mbele, kisha mpiga ngoma. Yule apigaye gitaa la besi husimama nyuma, karibu na sanduku kubwa jeusi, na ni watu wachache walijuao jina lake. Walakini akinyamaza yeye, hata mtoto hutambua kwamba dansa imeharibika. Miguu ya wachezaji hupoteza njia, na wimbo huwa kama nyumba iliyong'olewa nguzo. Sauti yake haiingii masikioni tu. Huingia kifuani na katika mbao za sakafu.

Katika insha hii nakusudia kukueleza habari za sanduku lile jeusi na mashine yake ya kukuza sauti, iitwayo amplifaya. Yamkini utauliza: Je, sanduku nalo lina historia? Naam, kila kitu kilichotengenezwa na mtu ili kushinda taabu fulani kina historia yake, na asiyeijua huirudia taabu ile ile kwa fedha yake mwenyewe.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Nilipoanza kazi ya ualimu nilikuwa mlezi wa chama cha muziki katika shule moja ya sekondari. Wanafunzi walichanga fedha kwa mihula minne, wakanunua gitaa la besi. Fedha iliyosalia ilikuwa kidogo, basi tukanunua sanduku dogo lililotengenezwa kwa ajili ya gitaa la kawaida, maadamu lilikuwa rahisi na lilivuma sana pale dukani. Siku ya wazazi, kabla wimbo wa pili haujaisha, spika ilianza kukwaruza kama bati liburutwalo juu ya mawe, kisha ikanyamaza kabisa. Tulipolifungua sanduku tulikuta koni ya karatasi imechanika. Wahenga walisema kwamba ngoma ivumayo sana mwisho hupasuka. Mimi ndimi niliyetia sahihi ya kununua, kwa hiyo aibu ilikuwa yangu kuliko yao. Baadaye, niliposoma habari za mambo haya, niliona kwamba kosa letu lilikuwa kongwe. Wakubwa wa ufundi walikwisha kuumia nalo miaka sitini kabla yetu.

Hebu tutazame kwanza asili ya taabu yenyewe. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde moja, ambapo uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82. Katika somo la fizikia umejifunza kwamba mwendo wa sauti, ukigawanywa kwa idadi ya mitetemo, hutoa urefu wa wimbi. Gawanya mita 344 kwa 41, utapata wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 8. Yaani wimbi refu kuliko darasa nyingi. Kulisukuma wimbi kama hilo kunahitaji hewa nyingi, na hewa nyingi huhitaji koni pana au koni nyingi. Kipepeo kidogo hakiwezi kupepea jiko la kulishia kijiji.

Kabla ya mwaka 1951 besi katika bendi za dansa na jazi za Marekani ilipigwa kwa fidla kubwa ya kusimama, yenye kimo cha mtu mzima. Ilikuwa na sauti nzuri lakini ya upole, na tarumbeta na ngoma ziliifunika. Kuichukua safarini kulikuwa adhabu. Watu kadhaa walitafuta dawa. Katika miaka ya 1930 Paul Tutmarc, wa mji wa Seattle, alitengeneza besi ya umeme ishikwayo kama gitaa, pamoja na amplifaya yake. Lakini zilizouzwa zilikuwa chache, na kazi yake ikasahauliwa kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1940 Everett Hull, mpiga besi na piano, alibuni namna ya kutia maikrofoni ndani ya ule mguu wa fidla usimamao sakafuni. Kwa Kiingereza mguu huo huitwa kigingi, na kutokana na jina hilo kampuni yake ikaitwa Ampeg. Jina hili likumbuke, kwani tutakutana nalo tena.

Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa redio katika mji wa Fullerton, California, alitoa gitaa la besi aliloliita Precision. Shingo yake ilitiwa vijiti vya chuma, ili kidole cha mpigaji kipate mahali pa kila sauti bila kubahatisha. Monk Montgomery, aliyekuwa katika bendi ya Lionel Hampton, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulitembeza mbele ya watu mapema katika miaka ile ya 1950. Lakini fikiri, msomaji: fidla kubwa ina tumbo lake ambalo huikuza sauti, bali gitaa la Fender lilikuwa ubao mtupu. Likikosa umeme, halisikiki kuliko ukuti unaokwaruza paa. Kwa hiyo mtengenezaji wa gitaa alilazimika kutengeneza tumbo jingine, lililo mbali na gitaa lenyewe na kufungwa kwalo kwa waya. Tumbo hilo ndilo sanduku letu.

Mwaka 1952 Fender alitoa amplifaya iliyoitwa Bassman, yenye spika moja ya inchi 15 na nguvu ya wati 26 hivi. Miaka miwili baadaye alibadili shauri, akatia spika nne za inchi 10 katika sanduku lililo wazi nyuma. Hapa ndipo palipo kosa la kale nililolitaja. Koni ya spika ikisukuma hewa mbele, huivuta nyuma wakati ule ule. Sanduku likiwa wazi nyuma, hewa ya nyuma huzunguka ikakutana na ya mbele, na zile sauti nene huuana zenyewe kwa zenyewe. Koni nayo, kwa kukosa hewa iliyofungwa ya kuizuia, huruka mbali kupita kiasi hata ikachanika. Ikawa ajabu: mashine iliyofanywa kwa ajili ya besi ilipendwa zaidi na wapiga magitaa ya kawaida. Mjini London, Jim Marshall na mafundi wake waliiga mashine hiyo karibu na mwaka 1962, wakaanzisha amplifaya zilizopata sifa duniani kote kwa gitaa. Mpiga besi akabaki akingoja.

Jibu lililo bora lilitoka Ampeg mwaka 1960. Fundi wao, Jess Oliver, alibuni amplifaya iitwayo Portaflex B-15. Spika yake ya inchi 15 ilikaa ndani ya sanduku lililofungwa nyuma na kuachiwa njia maalumu ya hewa. Mashine yenyewe ilifungwa juu ya kifuniko: wakati wa kupiga husimama juu, na wakati wa safari kifuniko hugeuzwa, mashine ikaingia ndani ya sanduku kama kobe aingizavyo kichwa chake. Nguvu yake ilikuwa wati 25 tu, lakini sauti yake ilikuwa nene na safi. James Jamerson, mpiga besi wa nyimbo nyingi za Motown katika mji wa Detroit, aliitumia katika vilabu. Everett Hull mwenyewe hakupenda muziki wa kelele. Alitaka sauti isiyokwaruza. Kwa chumba kidogo, B-15 ilitosha. Ila dunia haikubaki katika chumba kidogo.

Tarehe 6 Juni 1962 vijana wanne wa Liverpool walikwenda London kujaribiwa katika studio za EMI, katika barabara ya Abbey. Hao ndio Beatles. Amplifaya ya besi ya Paul McCartney ilikuwa mbovu hata haikufaa kunaswa, ikawalazimu mafundi wa studio kuchukua spika kutoka chumba cha mwangwi na kumfungia mashine ya dharura. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1965, vijana hao hao walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Walikuwa na amplifaya za wati 100, lakini mayowe yalizishinda, na wao wenyewe hawakusikiana vizuri. Siku ile ilionekana wazi kwamba hadhira imekua upesi kuliko mashine.

Mwaka 1969 Ampeg walijibu kwa mashine kubwa iitwayo SVT. Ilikuwa na nguvu ya wati 300 na vali 14, yaani zile taa za kioo zilizokuza umeme kabla ya transista kuenea. Bendi ya Rolling Stones ilitumia za kwanza katika safari yao ya Marekani mwaka huo huo. Spika za wakati ule hazikuweza kustahimili nguvu hiyo peke yake, kwa hiyo kila mashine ilipewa masanduku mawili yaliyofungwa pande zote, na kila sanduku lilikuwa na spika nane za inchi 10. Usishangae kuona spika ndogo zikifanya kazi kubwa. Eneo la duara hufuata kipeo cha pili cha kipenyo chake. Spika nane za inchi 10 hutoa 8 mara 100, yaani 800. Spika moja ya inchi 15 hutoa 225. Koni ndogo nane zikisukuma pamoja huwa na eneo zaidi ya mara tatu ya koni kubwa moja. Huo ndio umoja uletao nguvu. Lakini gharama yake ilikuwa uzito: amplifaya peke yake ilipita kilo 35, na kila sanduku lilipita kilo 45. Wanamuziki wakalilinganisha sanduku lile na jokofu.

Wakati mafundi walipokuwa wakiongeza ukubwa, wataalamu walikuwa wakitafuta sheria. Mmarekani J. Anton Hofmann, mwana wa mpiga piano mashuhuri Josef Hofmann, alieleza katika miaka ya 1960 jambo ambalo sasa huitwa kanuni ya chuma ya Hofmann. Mtu hutamani mambo matatu katika sanduku la spika: liwe dogo, lishuke hadi sauti nene kabisa, na lipaze sauti kubwa kwa umeme kidogo. Kanuni yasema unaweza kupata mawili, la tatu utalikosa. Sisi tuna methali isemayo mshika mbili moja humponyoka; katika masanduku ya besi, mshika tatu moja humponyoka. Naye A. Neville Thiele, mhandisi wa Australia, alionyesha mwaka 1961 jinsi ya kukadiria ukubwa wa sanduku na njia yake ya hewa kwa hesabu, na Richard Small akaiendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1970. Kabla yao seremala wa spika alibahatisha, akasikiliza, akakata tena. Baada yao aliweza kupiga hesabu kabla ya kushika msumeno.

Kuanzia hapo historia yetu ilielekea kwenye wepesi. Miaka ya 1980 ilileta sumaku za neodimiamu, zenye nguvu nyingi katika umbo dogo. Ndipo pia yalipoenea masanduku yenye spika nne za inchi 10 na kispika kidogo cha sauti nyembamba, kwa kuwa wapigaji wengi walikwisha kujifunza mtindo wa Larry Graham wa kuugonga uzi kwa kidole gumba, na mlio wa chuma ulitakiwa usikike. Katika karne hii zimekuja amplifaya zinazowasha na kuzima umeme mara nyingi mno kwa sekunde, zikapoteza joto kidogo tu. Leo mashine ya wati 500 yaweza kuwa na uzito usiofika kilo 3, na mtu huitia katika mkoba. Je, kanuni ya Hofmann imevunjwa? Hapana, msomaji. Sanduku dogo la leo lishukalo hadi sauti nene hula wati nyingi. Wati zimekuwa rahisi na nyepesi, basi watu wamekubali kuzitumia kwa wingi ili wapunguziwe mzigo. Deni ni lile lile; fedha ya kulilipia ndiyo iliyobadilika.

Historia hii inatuhusu sisi pia. Katika benga ya Kenya besi haifuati nyuma kama mtumishi. Hujibizana na gitaa na mara nyingine hushika njia peke yake. Bendi ya Les Wanyika, iliyoanza Nairobi mwaka 1978, haiwezi kusimuliwa bila kumtaja Tommy Malanga na besi yake. Muziki wa namna hii, ukipigwa kwa sanduku dhaifu, hupoteza nusu ya maneno yake.

Sasa, ikiwa siku moja utaambiwa uchague sanduku la besi kwa bendi ya shule, ya kanisa au ya mtaa, uliza maswali yaliyoulizwa na historia. Kwanza, tutapiga wapi, na ukumbini mna spika kubwa za kuwafikia watu wote? Zikiwapo, besi huweza kupelekwa humo kwa waya, na sanduku lako litakuwa la kuwasikilizisha wapigaji wenyewe, dogo litatosha. Zisipokuwapo, sanduku lako litaibeba kazi yote, nawe uache kutamani udogo.

Pili, usidanganywe na idadi ya wati. Ili sikio lione kwamba sauti imezidi maradufu, nguvu yapaswa kuzidi karibu mara kumi kwa spika ile ile. Kutoka wati 250 hadi 500 ni nyongeza ya desibeli 3 tu. Aghalabu sanduku la pili la namna ile ile litakufaa kuliko wati za ziada. Debe tupu haliachi kuvuma, na karatasi ya tangazo nayo haiachi.

Tatu, kumbuka somo la umeme. Masanduku mawili ya omu 8 yakifungwa sambamba huwa omu 4. Matatu huwa chini ya omu 3. Ikiwa mashine imeandikwa kwamba isishushwe chini ya omu 4, la tatu litaihatarisha. Amplifaya za vali zina sharti jingine: zisiwashwe na kupigwa bila spika, kwani zaweza kuungua. Tena tazama volti. Umeme wetu wa Kenya ni volti 240, na mashine nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutaka volti 120. Mtu akinunua iliyotumika bila kusoma kibao cha nyuma, aweza kununua moshi.

Nne, tunza masikio yako. Wataalamu wa afya ya kazi hushauri kwamba sauti ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda upunguzwe nusu. Kwa desibeli 100 muda huo ni dakika 15. Wengi wa wale waliopiga mbele ya masanduku makubwa walilipa kwa kusikia kwao, na malipo hayo hayarudishwi.

Chama chetu cha muziki kilikaa mwaka mzima bila besi. Fedha ilipopatikana tena, wanafunzi hawakuningoja mimi. Waliandika mambo matatu ya Hofmann ubaoni, wakabishana jioni nzima. Mmoja alitaka sanduku jepesi la kuingia katika matatu. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akauliza, "Mwalimu, mwaka jana tulisafiri mara ngapi?" Tulihesabu, ikawa mara moja. Ukumbi wetu haukuwa na spika kubwa. Basi wakachagua sanduku zito lililofungwa nyuma, lenye spika moja ya inchi 15, lililotumika kabla yao, na wakaacha wepesi kwa watu wenye safari nyingi. Huchukuliwa na wavulana wawili kutoka stoo hadi jukwaani, na siku ya wazazi iliyofuata lilipiga kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Lile dogo lililochanika tulilitia spika mpya, tukampa mpiga gitaa. Tangu hapo linafanya kazi iliyokusudiwa.